Kijana wa Manchira katika Mji wa Guangzhou

Je, ndugu msomaji, umepata kumsindikiza mwanao kituo cha basi, nawe hujui utamwona tena lini? Baba yangu alinisindikiza hivyo alfajiri moja ya mwezi Agosti 2018, pale Mugumu. Hakuniaga kwa maneno mengi. Aliniuliza tu kama huko niendako wapo ng'ombe. Nikamjibu kwamba wapo. "Basi watakuwa watu," akasema, akageuka na kushika njia ya kurudi Manchira.

Yafaa nikueleze, wewe usomaye ukurasa huu ukiwa Ilala, Mabatini au Mwanjelwa, kwamba Manchira ni kata ya wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, jirani na Mugumu. Wengi huijua kwa bwawa lake, ambalo maji yake hunywewa na watu wa mji huo. Tunalima mahindi, mtama, ulezi na muhogo, tunafuga, na usiku tunalala tukisikia fisi. Guangzhou nilikopelekwa na ufadhili wa masomo ni mji ambao sensa ya China ya mwaka 2020 iliuhesabia watu zaidi ya milioni 18. Mkoa wetu wote wa Mara, kwa sensa ya 2022, una watu milioni 2 na laki 3 na ushei. Unaweza basi kukisia jinsi kichwa kilivyonizunguka siku ile ya kwanza, nilipotoka chini ya ardhi katika kituo cha treni nikaona kila upande watu wanatembea upesi na hakuna hata mmoja anayemwamkia mwenzake.

Mwaka wa kwanza wote ulikuwa wa kujifunza lugha. Kichina huimbwa kabla ya kusemwa: silabi moja, "ma", ukiipandisha au kuishusha vibaya, mama hugeuka farasi, au unakuwa umetukana. Lakini sikiliza jambo hili. Siku ya pili darasani mwalimu alionyesha picha ya familia, akamgusa mwanamke akasema "mama", akamgusa mwanamume akasema "baba". Sisi tuliotoka Afrika ya Mashariki tulitazamana. Yeye alidhani hatukuelewa, akarudia. Maneno hayo mawili Wachina wanayo kama tulivyo nayo sisi, yakitofautiana kwa mwimbo tu. Nakiri kwamba siku ile machozi yalinilenga, nikasingizia vumbi la chaki.

Tena usidhani kwamba ukishaelewa Kichina cha darasani umemaliza. Wenyeji wa Guangzhou wana Kikantoni chao, na bibi muuza mboga hakuwa na haja ya kujua mwalimu wangu alinifundisha nini.

Kuhusu chakula, wazazi huuliza kwanza, "Anakula nini huko?" Anakula vizuri. Wali upo, mboga za majani ni nyingi kuliko kwetu, samaki wapo, na kula kwa vijiti hujifunzwa kwa juma moja la aibu. Maji hunywewa ya moto. Hata mgonjwa wa tumbo, wa kichwa au wa moyo huambiwa anywe maji ya moto. Chai haina maziwa wala sukari. Mtama wanao, ila huko sehemu kubwa hugeuzwa pombe kali nyeupe ambayo sikumshauri mtu aionje. Ulezi wetu sikuuona, lakini uko uji wa nafaka ndogo ya manjano, ambao ukiunywa asubuhi ya baridi umefumba macho waweza kujidanganya kwa dakika mbili kwamba uko nyumbani. Baridi yenyewe ina mambo. Kaskazini ya China majumba hupashwa moto kwa mabomba. Kusini hakuna mpango huo. Kwa hiyo mwenzangu aliyesoma Beijing, kwenye theluji, alilala na fulana, nami niliyepelekwa kwenye joto nililala na koti mwezi wa Januari.

Ikinizidi hamu ya ugali nilikwenda Xiaobei. Huo ni mtaa ambao kwa miaka mingi wafanyabiashara wa Afrika wamefikia. Utasikia Kifaransa cha Mali, Kiigbo, Kilingala, na ghafla nyuma yako mtu anabishana bei kwa Kiswahili cha Kariakoo. Akina mama wa Dar es Salaam huja kwa majuma mawili, wakanunua viatu na vitenge, wakapakia kontena na kuondoka. Niliwaheshimu sana. Hawana muda wa kulia nyumbani. Mmoja wao, aliponiona naula ugali huku nimenyamaza kimya, aliniongezea tonge kutoka sahani yake bila kuniuliza jina, akaniambia, "Kula, mwanangu, mama yako hakuoni."

Hapa sasa nataka tuzungumze, ndugu mzazi, juu ya jambo linaloharibu nyumba nyingi. Mtandao wa WhatsApp ambao sisi sote hapa tunautegemea umefungwa China. Wenyewe wanatumia WeChat. Kijana anapofika huko simu yake hunyamaza, na huku nyumbani watu husema, "Amepata, ametusahau." Mama yangu alikaa siku kumi na tisa bila kunisikia. Shangazi akamwambia kwamba nimeoa Mchina. Halafu zipo saa: wao wametutangulia kwa saa tano. Mama apatapo nafasi, jioni, wanyama wamerudi na moto umewaka, kwangu ni usiku wa manane na kesho nina mtihani. Mimi niamkapo saa moja asubuhi na kutaka kusikia sauti yake, Manchira ni saa nane ya usiku na simu ikilia ukoo mzima hudhani kuna msiba.

Na fedha. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza aliyefadhiliwa na serikali ya China alipata posho ya yuani 2,500 kwa mwezi, na kufanya kazi bila kibali ni kosa. Jamaa zangu walinitumia orodha: simu, viatu namba arobaini na mbili, mashine ya kukoboa. Si kwamba walikuwa watu wabaya. Waliona bidhaa za China dukani Mugumu kwa bei rahisi, wakakisia kwamba huko zinaokotwa.

Siku iliyo ngumu kuliko zote kwa mgeni ni mwaka mpya wao, unaofuata mwandamo wa mwezi, kati ya mwisho wa Januari na katikati ya Februari. Mji unahama. Mamilioni ya wafanyakazi, ambao wengi wao si wenyeji wa Guangzhou, hubeba mabegi na kurejea vijijini kwa wazee na watoto waliowaacha. Maduka hufungwa. Katika bweni letu tulibaki wageni na mama mtunza mlango, ambaye sote tulimwita "ayi", neno lenye maana ya mama mdogo. Alikuwa mwenyeji wa mkoa wa Henan, mbali na pale, na mwanawe alikuwa akilelewa na bibi. Nilikuwa nikidhani hamu ya kwao ni ugonjwa wa sisi tuliovuka bahari. Kumbe yule mama alikuwa nao miaka mingi kunizidi, na yu katika nchi yake mwenyewe.

Ukaja mwaka 2020 na maradhi ya korona. Tarehe 28 Machi China ilifunga milango yake kwa wageni, hata wenye viza. Aliyekuwa likizo nyumbani hakurudi, na sisi tuliokuwa ndani tulijua kwamba tukitoka masomo yamekwisha. Mwezi wa Aprili baadhi ya Waafrika wa Guangzhou walitolewa katika nyumba walizopanga, wengine wakalala nje, hata mabalozi wa Afrika mjini Beijing wakaandika barua kulalamika kwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje. Urafiki wa nchi zetu ni wa kweli na ni wa siku nyingi. Hilo halikuwa sababu ya kuyanyamazia yale. Mimi nilikuwa nimefungiwa bwenini, nikapona hayo ya barabarani. Ayi alituletea machungwa hadi mlangoni.

Baba alifariki Novemba 2021. Mimi ni mwana wa kwanza, na katika ukoo wetu mwana wa kwanza ndiye atangulizaye udongo kaburini. Nilikaa usiku kucha nikipiga hesabu: nikienda, sirudi, nisipokwenda, nani atatia udongo? Baba mkubwa akanipigia simu. Hakunilaumu. Alisema, "Baba yako aliuza ng'ombe watano usome. Ukiacha, ng'ombe hao wamekufa bure." Basi mdogo wangu alitia udongo mara mbili, mara moja kwa jina langu, naye binamu akaushikilia mkono wa simu juu ili nione. Niliona miguu ya watu, niliona koleo, kisha mawasiliano yakakatika. Yaliporudi kaburi lilikuwa limefukiwa.

Mwezi wa Aprili uliofuata Wachina walikuwa na siku yao ya Qingming, ambayo watu hufagia makaburi ya wazee wao. Ayi hakuweza kwenda Henan. Jioni aliniita nje, nyuma ya bweni, akachora kwa chaki duara kubwa juu ya saruji, akaacha uwazi mdogo upande wa kaskazini. Aliniambia kwamba kwao aliye mbali na kaburi hufanya hivyo, na uwazi huelekea nyumbani, wazee wapate kupita. Kisha akanipa chaki na kuniuliza kwetu ni wapi. Tuliitafuta Manchira katika simu, tukageuka kuelekea magharibi, juu ya ukuta na majumba. Nikachora la kwangu.

Usiniulize kama naamini. Nilichora.

Nilirejea Julai 2023. Kabla ya kupanda basi la Mara nilikwenda Gongo la Mboto, nje kidogo ya Dar es Salaam, yalipo makaburi ya wataalamu wa Kichina waliofia kazini hapa nchini, wengi wao siku za ujenzi wa reli ya TAZARA, iliyojengwa toka 1970 hadi 1975. Wako zaidi ya 60, safi wamepangwa, majina yao yamechongwa kwa Kichina. Nilipita nikiyasoma kwa sauti, kwa mwimbo niliofundishwa. Mlinzi alinitazama sana.

Manchira nilimkuta mama ameota mvi. Nilimpa pakiti ya majani ya chai aliyonipa ayi siku ya kuagana. Akaitia sufuriani, akaongeza maziwa nusu lita na sukari vijiko sita, akachemsha hadi ikafurika. Akaonja, akasema ina harufu ya majani ya ng'ombe, lakini atampelekea jirani kidogo.