Je, Wajua? Kisu "Kisichoshika Kutu" Hushika Kutu

Kule Tukuyu, wilayani Rungwe, hushika mapema zaidi. Mvua ya huko hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na ukungu wa asubuhi humalizia kazi iliyobaki.

Kinacholinda kisu chako cha kukunja ni kromiamu, angalau asilimia 10.5 ya chuma chote. Ikikutana na hewa hujitandaza juu yake kama ngozi. Ni nyembamba mno: panga tabaka zake 10,000, bado hazifiki unene wa unywele mmoja! Ikikwaruzwa hujiponya, mradi tu ipate hewa. Ala ya ngozi iliyolowa huinyima hewa hiyo.

Jaribu sumaku. Hunasa kisu, lakini vijiko vingi vya chai haivinasi. Ni vyuma vya aina tofauti: kisu kina kaboni nyingi zaidi ili kishike makali, na kaboni hiyo humeza sehemu ya kromiamu. Makali hulipiwa kwa kutu.

Doa jeusi baada ya kumenya ndizi mbichi? Mara nyingi ni utomvu tu. Chumvi ndiyo mbaya, hutoboa vishimo.

Usikisugue kwa stilwaya. Chembe zake hubaki kwenye bapa, nazo ndizo huota kutu. Osha, kausha mpaka kwenye bawaba, kisha tia tone la mafuta ya cherehani. Ya alizeti huganda kama gundi. Kifute kabla ya kukatia parachichi.

Na kikilowa, kiache wazi usiku kucha, mbali na watoto, kabla hujakikunja.