Risasi ya Warumi Chini ya Mlima

Mtu akitaka kumsikia panya anayeguguna ghalani, haendi kusikiliza wakati ngoma inapigwa uani. Hungoja usiku watu wamelala, akafunga mlango, kisha akatega sikio. Wako wataalamu wa elimu ya atomu ambao kazi yao yafanana na hiyo. Wanangoja jambo moja dogo mno, litokealo kwa nadra kupita kiasi, na sehemu kubwa ya miaka yao hupita katika kuondoa makelele tu. Lakini makelele yao si ya kusikiwa kwa masikio. Ni mionzi.

Yafaa kwanza tujue mionzi hiyo yatoka wapi. Kila kitu kimefanywa kwa atomu, na katikati ya kila atomu mna kiini. Viini vingi hukaa hali moja siku zote, bali vingine havitulii; hufika saa vikavunjika, na vivunjikapo hutupa mionzi. Jambo hili lilivumbuliwa mwaka wa 1896 na Mfaransa Henri Becquerel alipokuwa akichunguza urani. Msidhani ya kuwa urani iko mbali nasi. Imo kidogo kidogo katika mawe, katika udongo, na katika matofali ya nyumba. Hata katika ndizi moja atomu kama 15 za potasiamu huvunjika kila sekunde, na katika mwili wa mtu mzima kama 4,000, wala mtu hahisi neno.

Tena iko mionzi itokayo juu. Mwaka wa 1912 Victor Hess, mtu wa Austria, alipanda angani kwa puto kubwa hata akapita meta 5,000, akaona vyombo vyake vyaonyesha mionzi zaidi kadiri alivyozidi kupanda. Ndipo ikajulikana ya kuwa mingine yatoka mbali kuliko mawingu. Nyosha kiganja chako sasa: chembe kama moja hupenya humo kila sekunde, usiku na mchana.

Basi wataalamu wangoja nini? Iko chembe iitwayo nutrino, nyepesi mno, ipenyayo dunia nzima bila kuzuiwa. Mwaka wa 1937 Mwitalia Ettore Majorana alieleza ya kuwa huenda chembe ya namna hiyo na kinyume chake ni kitu kimoja. Ikiwa ni kweli, basi mara chache sana kiini cha atomu kama ile ya teluri kitavunjika na kutupa elektroni mbili peke yake, bila nutrino yo yote. Jambo hilo likionekana, litasaidia kujibu swali kubwa: kwa nini ulimwengu una kitu cho chote? Maana kila chembe ina kinyume chake, na hizo mbili zikikutana hufutana. Kama mwanzoni zilikuwa sawa kwa hesabu, ilikuwaje mawe, bahari na watu tukabaki?

Huko Italia, kati ya miji ya L'Aquila na Teramo, pana mlima uitwao Gran Sasso. Barabara kubwa ya motokaa hupita ndani yake kwa njia ya chini yenye urefu wa kilometa 10, na kando ya njia hiyo yamechimbwa majumba ya kufanyia uchunguzi. Juu yake pana mwamba wa meta 1,400. Zile chembe za angani hupungua mara milioni moja kabla ya kufika humo. Mahali penye meta moja ya mraba hupita kama moja tu kwa saa.

Mlima umemzuia adui wa juu. Lakini mlima wenyewe ni mawe, na mawe yana urani! Kwa hiyo hawana budi kujenga ukuta kati ya chombo chao na mlima uliowaficha. Ukuta huo hujengwa kwa risasi, madini yale yale ambayo wavuvi hufanyia chubwi za mishipi, kwa sababu ni nzito na huzuia mionzi vizuri. Na hapo ndipo penye ugumu, maana risasi nayo hutoa mionzi.

Sababu yake ni hii. Mawe yachimbwayo risasi huwa na urani kidogo. Urani hiyo ikivunjika, hatua kwa hatua, huzaa risasi ya namna nyingine isiyotulia, iitwayo risasi-210. Watu wakiyayeyusha mawe, urani hutengwa ikatupwa pamoja na takataka. Lakini risasi-210 haitengwi, kwa kuwa ni risasi kama ile nyingine. Dawa yake ni kungoja. Baada ya miaka 22 imebaki nusu, baada ya 44 robo, baada ya 66 thumuni. Nani atakayengoja hata iishe?

Warumi walikwisha kuwangojea. Katika karne ya mwisho kabla ya Kristo merikebu moja ilizama karibu na kisiwa cha Sardinia, imepakia vipande vya risasi kama 1,000, kila kimoja kilo 33. Ikalala chini ya bahari muda wa miaka 2,000, na risasi-210 iliyokuwamo ikapungua nusu baada ya nusu, kama mara 90, hata isipatikane tena. Merikebu hiyo ilionekana mwaka wa 1988, na taasisi ya fizikia ya Italia ikasaidia kulipa gharama za kuitoa shehena. Mwaka wa 2010 vipande 120 vilipelekwa Gran Sasso. Kabla ya kuviyeyusha walikata ile sehemu yenye maandishi ya Warumi, wakaihifadhi.

Wako wataalamu wa mambo ya kale waliouliza kama ni halali kuyeyusha kitu ambacho hakiwezi kufanywa tena. Swali lao ni la haki. Mimi naona ya kuwa waliopatana hivyo, wengine wakachukua maandishi na wengine madini, walifanya vyema kuliko kuiacha shehena yote baharini. Lakini mtu aweza kufikiri vingine.

Risasi hiyo, yenye unene wa sentimeta 6, sasa yazunguka chombo kiitwacho CUORE, kilichoanza kazi mwaka wa 2017. Ndani yake mna fuwele 988 zenye teluri, zilizopozwa hata karibu kabisa na nyuzi 273 chini ya sufuri, ambapo hapana baridi kupita hiyo. Fuwele ikiwa baridi hivyo, atomu moja tu ikivunjika ndani yake huipasha moto kiasi cha kupimika. Shaba ishikayo fuwele husafishwa kwa uangalifu mkubwa, na radoni, ile hewa itokayo katika mawe, hufukuzwa kwa naitrojeni.

Je, kungoja kwa namna hii kumepata kuzaa kitu? Naam. Mwaka wa 2019 wachunguzi wengine wa mlima huo huo, wenye chombo kilichojaa zenoni, walitangaza ya kuwa wameona viini 126 hivi vya zenoni-124 vikigeuka, ambavyo nusu yake huhitaji muda mrefu kuliko umri wa ulimwengu zaidi ya mara milioni milioni.

Lakini lile la teluri halijaonekana. Matokeo ya CUORE yaliyotangazwa mwaka wa 2024 yaonyesha ya kuwa, kama lipo, nusu ya atomu haiwezi kuvunjika kabla ya kupita miaka ambayo hesabu yake ni 1 ikifuatwa na sufuri 25. Wachunguzi wamekusudia kuweka mahali pa fuwele zile nyingine zitoazo mwanga pamoja na joto, ili mwanga huo uwaonyeshe ni lipi tukio la kweli na ni lipi kelele tu.