Je, Wajua? Ua Linalotambuliwa kwa Kidole

Katika nyanda za nyasi za Marekani, maua ya manjano ya jamii ya alizeti yamejaa kando ya barabara, na mengi yanafanana mno. Gugu liitwalo *Grindelia squarrosa* halikusumbui kulitambua. Ligeuze ua, uguse vijani vilivyolibeba: vimejikunja kwa nje kama ndoana, na vinanata kwa utomvu wenye harufu kali. Petali zisikudanganye, maana baadhi ya mimea ya gugu hili haina hata moja. Ng'ombe huukwepa mmea huu, ndiyo maana hushamiri kwenye malisho yaliyochoka. Mgunduzi Meriwether Lewis aliuchuma mwaka 1804, msafara wake ukipanda mto Missouri. Vijani vikiwa vimenyooka na vikavu, hilo ni ua jingine.