Utitiri Mwindaji: Umbo Lake na Nafasi Yake katika Uainishaji

Mwalimu wa Baiolojia katika shule iliyo karibu na Kisongo, magharibi ya jiji la Arusha, hana haja ya kungojea vielelezo kutoka mbali ili kuwaonyesha wanafunzi wake wanyama wa ngeli ya Araknida. Mvua zikiisha kitambo na vumbi likitanda mashambani, na achume jani la nyanya lililoanza kuwa na vidoa vya manjano, aligeuze, kisha alichunguze upande wa chini kwa lenzi ya mkono. Ataona viumbe wekundu wadogo kuliko nukta, wakitembea kati ya nyuzi nyembamba kama za buibui. Hao ni utitiri. Wana miguu minane, hawana mabawa wala vipapasio, na kwa hiyo si wadudu, ingawa wengi wetu huwaita hivyo.

Lakini ni utitiri gani? Swali hili lina gharama yake. Baadhi ya viumbe hao hunyonya jani, na wengine huwala hao wanyonyaji, na mara nyingi wote ni wekundu. Mkulima aonaye wekundu tu huchukua bomba la kunyunyizia dawa. Sumu nyingi za kuua wadudu huwamaliza wawindaji upesi kuliko wanyonyaji, kwa kuwa baadhi ya jamii za wanyonyaji zimekwisha kuwa sugu. Baada ya majuma machache utitiri hurudi kwa wingi kuliko awali, naye mkulima hununua dawa tena.

Hebu tumtazame mwindaji mmoja, Phytoseiulus persimilis, ambaye hufugwa na kuuzwa sehemu nyingi za dunia kwa ajili ya kulinda maua na mboga. Jike lake lina urefu wa karibu nusu milimita. Mwili wake una umbo la pea, unang'aa, na rangi yake ni nyekundu ya machungwa. Miguu ni mirefu, naye hukimbia. Mnyonyaji hutembea polepole, na hapo ndipo penye dalili ya kwanza awezayo kuitumia mwanafunzi asiye na hadubini: kung'uta jani juu ya karatasi nyeupe, kisha tazama nani anakimbia.

Mwindaji huyu hana macho. Jozi ya kwanza ya miguu huinyosha mbele na kupapasa nayo, naye hunusa harufu inayotolewa na mmea ulioshambuliwa. Kinywani ana kelisera mbili zenye umbo la koleo, kila moja ikiwa na kidole kisichosogea na kingine kinachosogea, ambazo hushika na kutoboa windo ili alifyonze. Mnyonyaji, kinyume chake, ana macho madogo mekundu, na kelisera zake zimegeuka kuwa sindano za kuchoma chembe hai za jani, moja baada ya nyingine. Kila chembe iliyofyonzwa huacha kidoa, na vidoa hivyo vikikusanyika jani hukauka.

Tofauti hizo ndizo zinazowaweka katika oda mbili. Mwindaji ni wa oda ya Mesostigmata, ambayo matundu yake ya kupumulia yako ubavuni, karibu na mashina ya miguu ya nyuma. Mnyonyaji ni wa oda ya Trombidiformes, na matundu yake yako mbele, karibu na kelisera. Ndani ya Mesostigmata, mwindaji wetu yumo katika familia ya Phytoseiidae, yenye zaidi ya spishi 2,000 zilizopewa majina. Alama ya familia hii ni ngao moja ya mgongoni isiyogawanyika, yenye vinyweleo visivyozidi jozi 24. Urefu na nafasi ya vinyweleo hivyo hutofautisha jenasi na spishi. Mwandishi wa makala haya alitumia sehemu kubwa ya masomo yake ya udaktari ng'ambo akihesabu vinyweleo, na jamaa zake nyumbani hawakuelewa kamwe kwa nini mtu alipiwe kwa kazi hiyo.

Faida yake ni hii. Mwaka 1957 mtaalamu Athias-Henriot alieleza P. persimilis kutokana na vielelezo vya Aljeria. Mwaka uliofuata G. O. Evans alieleza ndugu yake, P. longipes, kutoka nchi ambayo sasa ni Zimbabwe. Wawili hawa wanafanana sana. Ukimpa persimilis utitiri wa madoa mawili, Tetranychus urticae, jike moja huweza kula mayai 20 hivi kwa siku, na katika joto la nyuzi 25 hukua kutoka yai hadi utu uzima kwa muda wa siku tano hivi, karibu nusu ya muda wa windo lake. Lakini ukimpa utitiri mwekundu wa nyanya, Tetranychus evansi, aliyetoka Amerika ya Kusini na kuonekana Kenya mwaka 2001, hazai ipasavyo. Anayemweza ni longipes, tena si kila longipes: wale waliokusanywa kusini mwa Brazili walistawi kwa windo hilo, lakini wale wa Afrika Kusini hawakustawi. Vinyweleo vyao ni vile vile, na jina lao ni moja.

Kisongo kuna shida nyingine tena. Eneo hili liko upande mkavu wa Mlima Meru, na mayai ya persimilis hunyauka hewa ikikauka mno, wakati ule ule ambao mnyonyaji hustawi. Kwa hiyo wawindaji wa kienyeji waliozoea ukavu wafaa watafutwe papa hapa. Shule zaweza kusaidia. Utitiri wanaokimbia wachukuliwe kwa ncha ya brashi iliyoloweshwa, watiwe katika spiriti ya asilimia 70, kisha wapelekwe kwa wataalamu, kwa mfano Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iliyoko Ngaramtoni, si mbali na Kisongo. Karatasi ya maelezo iandikwe kwa penseli, kwa kuwa spiriti hufuta wino, nayo itaje mmea, kijiji, tarehe, na dawa iliyonyunyizwa mara ya mwisho, ikiwa ipo.