Homa Isiyongojea Asubuhi

Katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 wilayani Kasulu kuwapokea wakimbizi wa Kongo, na ambayo tangu mwaka 2015 imewahifadhi Warundi wengi pia, mtoto anapochemka mwili fikra ya kwanza ya mzazi ni malaria. Wala hana kosa, kwani maradhi hayo yameshamiri mno mkoani Kigoma. Lakini yuko mtoto mmoja ambaye dhana hiyo, ijapokuwa ni sahihi kwa wenziwe wengi, yaweza kumwangamiza: naye ni mtoto anayetibiwa saratani.

Saratani ya watoto si ngeni katika nchi zetu. Mwaka 1958 Denis Burkitt, tabibu mpasuaji wa Kampala, alieleza uvimbe wa taya za watoto ambao hata leo waitwa kwa jina lake, na ambao huzidi palipo na malaria kali. Mtoto mwenye uvimbe huo, au mwenye saratani ya damu, aghalabu hupelekwa hospitali ya Bugando, Mwanza, au Muhimbili, Dar es Salaam, akatiwa dawa zinazoua chembe za saratani, lakini ambazo huudhoofisha pia uboho wa mifupa uzalishao chembe nyeupe za damu. Hata baada ya wiki moja au mbili, zile chembe zinazopigana na bakteria, ambazo kwa mwenye siha kwa kawaida huzidi 1,500 katika mikrolita moja ya damu, zaweza kushuka chini ya 500.

Mwaka 1966 Gerald Bodey na wenziwe wa Marekani walibainisha kwamba kadiri chembe hizo zinavyopungua, na kadiri upungufu unavyodumu, ndivyo maambukizi yanavyoongezeka. Bakteria waishio tumboni bila ya madhara, kama vile E. koli na Klebsiela, hupenya utumbo na vidonda vya kinywa vilivyoletwa na dawa, wakaingia katika damu. Wengine, kama Stafilokoka, hupita kwenye ngozi au kwenye mpira wa mshipani. Na kwa kuwa usaha hufanywa na chembe nyeupe zenyewe, mtoto aliyepungukiwa nazo huenda asitunge usaha wala asivimbe, hata ikawa homa peke yake ndiyo dalili ya msiba ulioingia.

Uzito wa msiba huo ulidhihirika Muhimbili, katika uchunguzi wa mwaka 2001 na 2002 uliochapishwa mwaka 2007. Miongoni mwa watoto waliolazwa kwa maradhi mbalimbali wakakutwa na bakteria katika damu, asilimia 34.8 walifariki, na walioshikwa na bakteria wa kundi la E. koli walikufa kwa kiwango kilichozidi maradufu kile cha wagonjwa wa malaria. Basi kipimo cha malaria, hata kikionyesha vimelea, hakimtoi hatarini mtoto wa saratani, kwa kuwa maradhi mawili yaweza kukutana katika mwili mmoja.

Ilivyo ni kwamba joto lake likifika nyuzi 38.3 hata mara moja, au likidumu katika 38 kwa muda wa saa nzima, sharti apate antibiotiki ya mshipani ndani ya saa moja tangu afike kwa tabibu. Damu ya kuotesha vijidudu ichukuliwe kwanza ikiwezekana, lakini dawa isingojee majibu. Mzazi asimpe panado kabla ya kumpima joto, maana huificha homa. Wala joto lisipimwe kwa njia ya haja kubwa, kwani mchubuko mdogo huwafungulia bakteria mlango.

Kutoka Nyarugusu hadi Mwanza ni mwendo wa mamia ya kilomita, na mkimbizi hatoki kambini ila kwa kibali. Kwa hiyo dozi ya kwanza haina budi kutolewa palepale kambini, kabla ya barua ya rufaa na kabla ya gari. Nawasihi madaktari wanaowaruhusu watoto hawa kurudi makwao wawape wazazi cheti kinachotaja dawa walizopewa watoto na hatari ya homa. Nao wazazi wakionyeshe cheti hicho mara wafikapo hospitalini, hata ikiwa usiku wa manane, wala wasikubali mtoto apangwe foleni.