Kahawa ya barafu kwa sikukuu, kutoka mibuni ya Kivu

Na Mwandishi Wetu, Gisenyi

KWA wakazi wengi wa Gisenyi, makao makuu ya Wilaya ya Rubavu, sikukuu za Noeli na Mwaka Mpya zina vinywaji vyake vinavyojulikana. Makreti ya bia na soda huanza kushushwa majumbani mapema, birika la chai ya maziwa na tangawizi halitoki jikoni, na mgeni anayevuka mpaka kutoka Goma kuja kusema "Bonane" huwekewa chupa mbele yake kabla hajaketi vizuri.

Hilo halishangazi. Kiwanda cha bia cha Bralirwa kilianzishwa katika mji huu huu mwaka 1957, na kwa miaka mingi mitambo yake ya kuchemshia ilitumia gesi iliyotolewa chini ya Ziwa Kivu. Bia hapa ni kama mtoto wa nyumbani.

Kinachoshangaza ni kwamba kahawa haipo mezani. Ukiiacha Gisenyi ukashika njia ya kusini kandokando ya ziwa, ukaingia Rutsiro, kisha Karongi, Nyamasheke hadi Rusizi, utapita vilima vilivyojaa mibuni. Mwezi Desemba mibuni hiyo huwa imebeba matunda ya kijani, ikisubiri mavuno yatakayoanza Machi. Lakini ingia katika nyumba ya mkulima mwenyewe uombe kahawa. Ukibahatika utapewa ile ya kopo, ya kukoroga, iliyosafirishwa kutoka mbali.

Mimi naiona hali hii kuwa ya ajabu kuliko watu wanavyokiri. Wenzetu wa Zanzibar, Lamu na Mombasa hawana mibuni mjini mwao, lakini kila jioni utawakuta barazani na vikombe vidogo vya kahawa chungu, na kashata pembeni. Sisi tunaoilima, tunaipakia kwenye lori na kuiaga.

Sababu zake ni za zamani. Kahawa ililetwa nchini Rwanda na wamisionari wa Kijerumani, na mwaka 1904 ndio unaotajwa kuwa mwanzo wake, katika misheni ya Mibirizi iliyoko Rusizi ya leo. Miaka ya 1930 utawala wa Wabelgiji ukawalazimisha wakulima kupanda mibuni. Zao likawa la kulipia kodi na ada, halikuwa la kunywa. Mwaka 1989, makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakilinda bei ya kahawa yalipovunjika, bei ikaporomoka na mkulima akabaki na mibuni ambayo hakuruhusiwa hata kuing'oa.

Mambo yalianza kugeuka baada ya mwaka 2000, vilipoanza kujengwa viwanda vya kuoshea kahawa vijijini. Mwaka 2008 Rwanda ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kuandaa mashindano ya kahawa bora yaitwayo Cup of Excellence, na wanunuzi wa Ulaya, Marekani na Japani wakaanza kuzijua Kivu na vilima vyake kwa majina. Sifa iliongezeka. Mezani kwetu, hata hivyo, hakukubadilika kitu, kwani karibu kahawa yote bado huuzwa nje.

Ndugu msomaji, nayaeleza haya kwa sababu ya kinywaji kimoja ambacho kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikikitengeneza nyumbani kwangu wakati wa sikukuu. Ni kahawa iliyogandishwa, ikasagwa kwenye blenda pamoja na maziwa na viungo, ikatolewa katika glasi ndefu.

Nilikianza kwa sababu ya wageni. Katika ukoo wetu wamo Waadventista, wamo walokole, na upande wa shemeji zangu wamo Waislamu. Ukiwahesabu wote, nusu ya watu wanaoketi sebuleni kwangu tarehe 25 Desemba hawagusi bia. Siku zote nusu hiyo ilipewa soda, ileile wanayopewa watoto. Mzee wa miaka 70 anashikilia chupa ya Fanta huku wenzake wakigonganisha glasi! Niliona si heshima.

Kinywaji chenyewe si ugunduzi wangu. Wagiriki wanadai kwamba mwaka 1957, katika maonyesho ya biashara mjini Thessaloniki, mfanyakazi mmoja alikosa maji ya moto, akatia kahawa ya unga na maji baridi katika chombo cha kutikisia na kukitikisa hadi povu likajaa. Wakaiita frappé. Huko Boston, Marekani, maduka ya Coffee Connection ya George Howell yalikuwa na kahawa ya barafu iliyoitwa Frappuccino. Starbucks waliyanunua maduka hayo mwaka 1994, na mwaka uliofuata wakaanza kukiuza kinywaji hicho katika maduka yao. Mengine yanajulikana. Kila Desemba maduka ya namna hiyo hukiongezea viungo, krimu na bei.

Sisi hatuhitaji duka. Tunahitaji kahawa nzuri, usiku mmoja wa friza, na subira.

Tuanze na kahawa. Tafuta ya punje iliyokaangwa karibuni. Ukiwa na ndugu shambani, omba buni kavu zilizokwisha kukobolewa, uzikaange mwenyewe katika sufuria nzito, moto wa wastani, dakika 12 hadi 15, ukikoroga bila kuacha. Zitageuka manjano, kisha kahawia, kisha zitalia kama bisi. Zikishalia ziache dakika moja au mbili zaidi, uziepue na kuzipepeta katika ungo zipoe. Zilaze siku moja kabla ya kusaga.

Hapa kuna jambo ambalo kila mwenye kunywa kahawa ya ukanda wa Maziwa Makuu anapaswa kulijua. Mara mojamoja kahawa yetu hutoa harufu ya kiazi kibichi. Wataalamu wanaihusisha na mdudu aitwaye antestia, anayetoboa tunda likiwa bado mtini na kufungua njia ya bakteria. Haina madhara kwa afya, ila punje moja tu yenye kasoro hiyo huharibu birika zima, na kwa macho huwezi kuitambua. Kwa hiyo saga kidogo kidogo, na kila mara unuse unga kabla ya kuutia maji. Ukisikia kiazi, mwaga fungu hilo peke yake. Usidhani maziwa na sukari vitaificha harufu hiyo, haifichiki.

Kwa watu wanne chukua gramu 60 za unga, sawa na vijiko vikubwa 10 vya kusawazisha, na maji mililita 600. Ni kahawa nzito, karibu mara mbili ya ile ya kawaida, na lazima iwe hivyo kwa sababu maziwa yanakuja kuipunguza. Vitabu vya Wazungu husema uache maji yapoe kidogo baada ya kuchemka. Gisenyi tuko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka yakifika nyuzi 95 hivi, joto linaloifaa kahawa kabisa. Yakichemka tu, mimina. Funika dakika nne, kisha chuja kwa kitambaa safi cha pamba. Utabaki na karibu nusu lita.

Sasa siri ya kinywaji chote. Wengi humimina kahawa ya moto juu ya mabonge ya barafu, barafu ikayeyuka, wakapata maji ya rangi ya udongo. Barafu iwe ni kahawa yenyewe. Mililita 300 zikishapoa zitie kwenye trei za barafu na uzigandishe usiku kucha. Mililita 200 zilizobaki ziweke kwenye friji. Asubuhi hutatumia hata tone la barafu ya maji.

Njia hii ina faida nyingine ambayo hapa mpakani si ndogo. Barafu ya kununua hujui ilitokana na maji gani, na baridi haiui vijidudu vya kipindupindu wala vya homa ya matumbo. Kahawa iliyogandishwa ilikwisha kupikwa kwa maji yanayochemka. Ukilazimika kuongeza barafu ya maji, chemsha maji hayo kwanza.

Baada ya hapo ni viungo, ndivyo vinavyoifanya iwe ya sikukuu. Katika sufuria ndogo tia sukari gramu 200, maji mililita 150, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba iliyopondwa, vijiti viwili vya mdalasini, iliki sita zilizopasuliwa na karafuu tatu. Chemsha kwa moto mdogo dakika 10, chuja, weka kwenye chupa. Shira hii hukaa kwenye friji wiki mbili bila tatizo. Kumbuka kwamba sukari ya chenga haiyeyuki vizuri katika kinywaji baridi, na ulimi uliopoa hauoni utamu upesi, ndiyo maana kinywaji cha barafu hudai sukari zaidi kuliko chai. Tangawizi nayo usiitie mbichi. Ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na kuchemsha ndiko kunakokiua.

Maziwa hatuna shida nayo, malisho ya Gishwati hayako mbali. Yachemshe maziwa freshi jioni, yaache yapoe na kulala kwenye friji, na asubuhi utakuta malai yametanda juu. Yaengue uyaweke pembeni.

Siku yenyewe, tia katika blenda mabonge yote ya kahawa, ile kahawa ya friji, maziwa baridi mililita 300, vijiko vikubwa vinne vya shira na ndizi moja mbivu ndogo, zile tamu tunazoziita kamaramasenge. Ndizi hiyo ndiyo inayofanya kazi ya krimu ya dukani, hukifanya kinywaji kiwe kizito na kisijitenge upesi. Mbili ni nyingi, utakunywa ndizi. Kama blenda yako haina nguvu, funga mabonge katika kitambaa uyaponde kwa mchi kwanza. Saga kwa vipindi vifupi hadi kelele ya mabonge iishe, mimina, weka malai juu, nyunyizia mdalasini wa unga au karanga zilizopondwa. Watoto watengenezee yao ya maziwa, ndizi na shira tu, nawe mwenye usingizi mwepesi usiinywe baada ya saa 10 alasiri.

Aliyenifanya nilione jambo hili kwa uzito wake ni shangazi yangu wa Rutsiro. Ana mibuni tangu alipoolewa, zaidi ya miaka 40. Anajua kupogoa, anajua kutandaza nyasi shinani, anajua kwa kugusa tu kama buni imekauka. Alipokuja kwangu Noeli moja na kupewa glasi, aliuliza ni chokoleti gani. Nikamwambia ni kahawa.

"Kahawa ya wapi?"

"Ya kwako, shangazi. Ile uliyonipa mwezi wa saba."

Alikaa kimya akainywa polepole, kijiko kwa kijiko, kama mtu anayekagua. Kisha akaniambia kwa Kinyarwanda, "Mwanangu, miaka yote hii nimekuwa nikiibeba kichwani hadi kiwandani, hakuna aliyewahi kuniambia ni tamu." Akaomba nyingine. Sikumjibu kitu, maana ningesema nini?

Wapo watakaosema mkulima maskini hana anasa ya kunywa anachoweza kuuza. Hoja hiyo ina uzito, hasa siku za ada za shule. Lakini glasi nne nilizozieleza zinatumia gramu 60 tu. Kilo moja iliyokaangwa inatoa glasi zaidi ya 60, na hakuna familia niijuayo inayonunua soda 60 za Noeli bila kulalamika. Aidha, mtu asiyewahi kuonja zao lake atajadilianaje na mnunuzi anayemwambia ubora wake ni wa chini?

Shangazi tangu hapo habebi tena mavuno yote kwenda kiwandani. Hubakiza kiasi chake, hukianika kwenye mkeka, hukitwanga kutoa maganda na kukikaanga kwenye chungu. Friji hana, na umeme wa kijijini kwake hukatika. Kwa hiyo anatumia njia inayokaribiana na ile ya Thessaloniki. Huipika kahawa nzito jioni, huitia asali ikiwa bado ya moto, huiacha usiku kucha nje katika mtungi uliofunikwa, na kule mlimani usiku wa Desemba una baridi ya kutosha. Asubuhi huimimina katika chupa ya mdomo mpana pamoja na maziwa yaliyolala, hufunga kifuniko, na kuwapa wajukuu waitikise hadi mikono iwachoke. Povu hufika nusu ya chupa.