Jinsi Sikio Linavyoivusha Sauti

Sauti ni mtetemo unaosafiri. Uzi wa zeze unapotetemeka husukuma chembe za hewa zilizo karibu nao, nazo husukuma zinazofuata kisha zikarudi mahali pake, hivyo kinachomfikia msikilizaji si hewa iliyotoka kwenye zeze bali ni msukumo uliopokezwa chembe kwa chembe, kwa mwendo wa takriban mita 343 kwa sekunde hewa inapokuwa na joto la nyuzi 20 za Selsiasi.

Mpiga ngoma anayeiotesha ngoma yake motoni kabla ya kuipiga huitumia kanuni nyingine ya sauti kwa vitendo, kwa kuwa ngozi ikikauka hukaza, na ngozi iliyokaza hutetemeka mara nyingi zaidi kwa sekunde, mlio wake ukawa mwembamba. Idadi hiyo ya mitetemo kwa sekunde huitwa masafa na hupimwa kwa hezi, kipimo kilichopewa jina la mwanafizikia Mjerumani Heinrich Hertz. Sikio zima la kijana hupokea masafa ya kuanzia hezi 20 hadi 20,000 hivi. Ukubwa wa mtetemo ni jambo jingine kabisa, nao ndio unaoifanya sauti ivume au ififie. Kiswahili cha kila siku husema "sauti ya juu" kwa maana zote mbili, na anayetaka kuielewa sauti hana budi kuzitenganisha.

Kazi ngumu kuliko zote huanza ndani ya sikio. Sikio la ndani limejaa majimaji, ilhali sauti inayotoka hewani na kugonga maji hurudishwa karibu yote, ikabaki takriban sehemu moja tu kati ya elfu inayopenya. Ndiyo maana mpiga mbizi aliyezama hamsikii vizuri anayemwita kutoka ufukweni, ingawa maji yenyewe huisafirisha sauti upesi zaidi ya mara nne kuliko hewa. Sikio lisingekuwa na namna ya kuivusha sauti mpaka huo, mazungumzo ya kawaida yangesikika kama mnong'ono.

Kivuko chenyewe ni kiwambo cha sikio, yaani utando mwembamba uliowambwa kama ngozi ya ngoma, pamoja na vifupa vitatu vilivyoshikana nyuma yake, ambavyo ni nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku, chenye urefu wa milimita 3 hivi, ni mfupa mdogo kuliko yote mwilini, na wayo wake umeziba kidirisha cha kuingilia sikio la ndani. Eneo la kiwambo linalotetemeka ni kubwa takriban mara 17 kuliko la wayo huo, kwa hiyo nguvu iliyokusanywa mahali papana hukandamizwa mahali padogo, kama pigo la nyundo linavyokusanyika kwenye ncha ya msumari, na kwa kuwa vifupa hivyo hufanya kazi pia kama wenzo, shinikizo huongezeka zaidi ya mara 20.

Baada ya kuvuka, mtetemo huingia kwenye koklea, mrija uliojiviringa mfano wa konokono. Georg von Békésy, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961, alionyesha kwamba wimbi hupita juu ya utando wa ndani ya mrija huo na kufikia kilele chake mahali tofauti kulingana na masafa, sauti nyembamba zikiwa langoni na nzito zikiwa mwishoni. Hapo juu ya utando pana seli zenye vinyweleo, takriban 15,000 katika kila sikio, ambazo vinyweleo vyake vikipinda hupeleka ishara kwenye neva.

Seli hizo kwa binadamu zikifa hazioti tena. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu asizidishe saa 40 kwa wiki kwenye sauti ya desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na kwa kuwa kila desibeli 10 zinazoongezwa huzidisha nishati mara kumi, kwenye desibeli 90 muda huo hushuka hadi saa 4. Kwa kawaida seli za langoni ndizo hutangulia kuharibika, na pamoja nazo hupotea konsonanti zenye masafa ya juu kama /s/, /f/ na /sh/, hata mzee akasikia vizuri kwamba ameitwa, lakini asijue kama ameambiwa "fika" au "shika". Kumpigia kelele hakumsaidii sana, kwa sababu kelele hukuza zaidi irabu, ambazo tangu awali alikuwa akizisikia.